Syed Ameer Ali, Hakimu Aliyeutetea Wakfu wa Dhuria

Bismillahi. Ama baada ya hayo: katika darsa zetu za mirathi, ndugu wa Kisauni na wa Likoni huuliza sana juu ya shamba la minazi ambalo babu aliliweka wakfu kwa dhuria yake. Je, lauzika? Je, mdai aweza kulishika kwa deni la mmoja wa wajukuu? Jawabu ya kisheria imo vitabuni na wanafunzi waijua. Lakini liko na swali la pili, nalo ni hili: ilikuwaje mahakama za serikali ya kikoloni zikaubatilisha wakfu wa namna hii, hali maulamaa wa madhehebu yote wanne wameukubali? Asili ya jambo hilo haikuwa Mombasa. Ilikuwa Bengal, na aliyesimama kulipinga ni mtu ambaye yatupasa tumjue.

Syed Ameer Ali alizaliwa Cuttack, nchi ya Orissa, mwaka 1849. Alisoma katika chuo cha Hooghly, na hapa msomaji na atue kidogo. Chuo hicho kiliasisiwa mwaka 1836 kwa mali ya wakfu wa Haji Muhammad Muhsin, tajiri aliyekufa mwaka 1812 bila ya kuacha mtoto. Basi huyu aliyekuja kuutetea wakfu, elimu yake yenyewe ilitoka katika wakfu. Kisha akaenda London kusoma sheria, akahitimu uwakili mwaka 1873, akarejea Calcutta, akafundisha sheria ya Kiislamu na kuandika vitabu juu yake. Mwaka 1877 aliunda jumuiya ya Waislamu ya kudai haki zao. Mwaka 1890 akawekwa kuwa hakimu wa Mahakama Kuu ya Calcutta.

Alikuwa Shia, na katika kitabu chake mashuhuri juu ya Uislamu alichokitoa mwaka 1891 mna rai zinazoelekea Muutazila, ambazo sisi Ahlu-Sunna hatuzikubali. Twalisema hili waziwazi ili mwanafunzi asije akachukua itikadi yake pamoja na fikihi yake. Lakini haki husemwa hata kwa mtu tunayekhitilafiana naye.

Sasa tuje kwenye kesi. Mwaka 1893 mahakimu wa Calcutta walikaa jamaa nzima kuamua kama wakfu wa mtu kwa watoto wake na wajukuu wake, na mwisho kwa maskini, ni sahihi. Mahakimu wa Kiingereza walikuja na mizani ya kwao. Kwao sadaka ni ya maskini na watu baki, na mali kufungwa milele kwa ukoo mmoja ni jambo linalochukiwa na sheria yao. Ameer Ali akawajibu kwa maandishi marefu, akaingia katika vitabu vya mafakihi kimoja baada ya kimoja, akabainisha kwamba katika Uislamu kumlisha mke, mtoto na jamaa ni katika sadaka iliyo bora, na kwamba maana ya neno sadaka huchukuliwa kwa wenye sheria yenyewe, si kwa kamusi ya Waingereza. Wenziwe walio wengi hawakumfuata. Mwaka uliofuata, 1894, kesi nyingine ya Bengal ilifika London mbele ya Baraza la Mfalme lililokuwa likisikiliza rufaa za makoloni. Baraza likahukumu kwamba maskini waliowekwa mwisho kabisa, baada ya vizazi na vizazi, ni jina tu. Rai ya Ameer Ali ikatajwa katika hukumu hiyo, na ikakataliwa.

Hata hivyo, insafu yatutaka tuseme upande wa pili. Walikuwako matajiri walioandika hati ya wakfu pale madeni yalipowazidi, ili wadai wao warudi mikono mitupu. Wako na walioutumia kuwanyima binti zao fungu alilowapa Mwenyezi Mungu. Na hapa pwani, je, hatujaona hati inayowataja wana wa kiume peke yao? Mwenye kufanya hivyo amempa adui hoja. Lakini hila ya mtu mmoja huvunjwa yeye na hila yake. Haukatwi mti mzima kwa tawi lililooza.

Ameer Ali alistaafu mwaka 1904, akahamia Uingereza. Mwaka 1909 akatiwa katika Baraza lile lile lililomkataa, naye ndiye Mhindi wa kwanza kukaa katika kiti hicho. Hakuacha kulisema jambo la wakfu. Mwaka 1913 India ilipata sheria, iliyopelekwa barazani na Muhammad Ali Jinnah, ya kuuhalalisha wakfu wa dhuria.

Sheria hiyo haikuvuka bahari. Mahakama za kwetu zilikuwa zikifuata kanuni nyingi za India tangu mwaka 1897, na rufaa zetu zikienda London kule kule. Hivyo hukumu ya 1894 ilitufika, dawa yake isitufike. Katika kesi ya wakfu iliyotoka Kenya, ambayo hukumu yake ilichapishwa mwaka 1952, Baraza lilishika msimamo wake wa zamani na kusema kwamba sheria ya 1913 ni ya India tu. Ilibidi Kenya itungiwe sheria yake ya makamishna wa wakfu, mwaka 1951, ndipo wakfu wa dhuria ukatambuliwa.

Ameer Ali hakuyaona hayo. Alikufa Sussex tarehe 3 Agosti 1928, akazikwa Brookwood, karibu na Woking. Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na amlipe kwa wema wake.