Rube Foster, gwiji wa besiboli aliyezipigania fedha za langoni

SHABIKI anayetoka mtaa wa Mbotela, Eastlands, kwenda Uwanja wa City kutazama kabumbu huandama tu Barabara ya Jogoo. Kwa miongo mingi, klabu zetu kubwa, Gor Mahia na AFC Leopards, zimetegemea viingilio, na langoni huko huko ndiko kulikozaliwa ugomvi mwingi wa soka yetu: nani ameshika fedha, na mchezaji ataambulia nini jioni?

Swali hilo si letu pekee. Zaidi ya miaka 100 iliyopita lilimkosesha usingizi mwanamichezo mweusi wa Chicago, Marekani, na msimu wake wa 1910 ungali unasimuliwa na wapenzi wa besiboli.

Andrew Foster, almaarufu Rube, alizaliwa Septemba 17, 1879 katika mji mdogo wa Calvert, jimbo la Texas. Babake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Kijana huyo, mrefu na mwenye mwili mkubwa, alikuwa mrushaji mpira hodari. Mnamo 1903 aliiongoza timu ya Cuban X-Giants kuilaza Philadelphia Giants katika kinyang'anyiro cha ubingwa wa timu za watu weusi. Mwaka uliofuata alihamia kwa waliolazwa, akawapa ubingwa huo huo dhidi ya wenzake wa jana.

Hata hivyo, milango ya ligi kuu ilikuwa imefungwa. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wamiliki wa klabu za Wazungu walikuwa wamepatana kimyakimya tangu miaka ya 1880 kwamba mtu mweusi asisajiliwe. Mkazi wa Mbotela hahitaji kufafanuliwa sana jambo hilo. Mitaa ya Eastlands yenyewe ilianzishwa na wakoloni ili Waafrika wakae mbali na makazi ya Wazungu, na mtaa huu una jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa jijini Nairobi Novemba 1952.

Mnamo 1907 Foster alijiunga na Leland Giants ya Chicago akiwa mchezaji na kocha. Zamani timu hiyo ilipewa kiasi maalumu cha fedha kwa kila mechi, hata uwanja ukifurika vipi. Foster alikataa. Alidai sehemu ya viingilio, na polepole wenye viwanja wakakubali, kwa maana watu walikuja kumtazama yeye.

Oktoba 1909 timu yake ilikabiliana na Chicago Cubs, miamba wa ligi kuu, katika mechi tatu. Ilishindwa zote. Katika mechi ya pili Foster, aliyekuwa amevunjika mguu miezi michache awali, aliongoza 5-2 hadi zamu ya tisa na ya mwisho. Cubs wakasawazisha. Kisha, Foster akiwa bado anabishana na mwamuzi, Frank Schulte wa Cubs alichomoka na kufunga alama ya ushindi.

Baada ya hapo yeye na mwenye timu, Frank Leland, wakatengana, na mgogoro ukafika mahakamani. Uamuzi ulikuwa wa ajabu: jina la Leland Giants likabaki kwa upande wa Foster na wakili Beauregard Moseley, naye Leland akalazimika kuunda timu nyingine, Chicago Giants. Mtu akanyang'anywa jina lake mwenyewe!

Foster akasajili walio bora kuliko wote: John Henry Lloyd, Pete Hill, Grant Johnson, mdakaji Bruce Petway na mrushaji Frank Wickware. Mwishoni mwa msimu wa 1910 hesabu iliyotangazwa ilikuwa ushindi 123 na vichapo 6 pekee. Ni kweli kwamba wapinzani wengi walikuwa timu za mitaani ambazo hazikuwa tishio. Lakini anayedhani ulikuwa mteremko na atazame Cuba baadaye mwaka huo. Lloyd, Johnson na Petway, wakiichezea Habana dhidi ya Detroit Tigers ya ligi kuu, walikuwa na wastani bora wa kupiga mpira kuliko nyota wa Tigers, Ty Cobb.

Mnamo 1911 Foster aliunda Chicago American Giants kwa ubia na John Schorling, Mzungu mwenye baa aliyemiliki uwanja. Mapato waligawana nusu kwa nusu. Timu ilicheza kwa kasi na hila, mpira ukiguswa polepole huku wakimbiaji wakiwa tayari wametimka; inasimuliwa kwamba kocha alitoa ishara kwa moshi wa kiko chake.

Februari 1920, mjini Kansas City, aliwakutanisha wamiliki wenzake, nayo Ligi ya Kitaifa ya Weusi ikaanzishwa kwa timu nane. Foster akawa rais, akitoza asilimia 5 ya viingilio vya kila mechi. Alimwachilia nyota Oscar Charleston aende Indianapolis ili ligi isiegemee upande mmoja. Hata hivyo, wenzake walinung'unika, na kwa maoni yetu hawakukosea kabisa: rais wa ligi ndiye aliyekuwa pia mmiliki na kocha wa timu iliyotwaa mataji matatu ya kwanza.

Mzigo ukamlemea. Mwaka wa 1925 alinusurika kifo baada ya kuvuta gesi iliyovuja chumbani mwake Indianapolis. Mwaka uliofuata akili zilimruka, akapelekwa katika hospitali ya Kankakee, Illinois. Alifariki huko Desemba 9, 1930, akiwa na umri wa miaka 51. Ligi yake ilisambaratika baada ya msimu wa 1931, miaka 16 kabla ya Jackie Robinson kuingia ligi kuu.

Foster aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mnamo 1981. Desemba 2020, wakuu wa mchezo huo walitangaza kwamba ligi za weusi za kuanzia 1920 hadi 1948 zitahesabiwa kuwa ligi kuu, na 2024 takwimu zake zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi. Ushindi 123 wa 1910 haumo.