Ian Donald: Tabibu aliyebisha hodi kiwandani

KATIKA miaka ya 1980, wafugaji wa iliyokuwa Wilaya ya Turkana, yenye makao makuu Lodwar, walipimwa matumbo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kilichotafutwa ni hidatidi, mifuko ya maji iotayo mwilini kutokana na minyoo ya mbwa.

Asili ya kipimo hicho ni Scotland. Ian Donald, aliyezaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1910, alisoma Afrika Kusini kabla ya kuhitimu udaktari London. Mnamo 1954 akawa profesa wa ukunga Glasgow.

Mwaka uliofuata alipakia garini uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akaupeleka kiwanda kimoja cha Renfrew, ambako mafundi walisaka nyufa za chuma kwa mwangwi. Mwangwi wa uvimbe wa maji ulikuwa mbali na ule wa nyama ngumu.

Udaktari pekee haungemfikisha mbali. Mashine ya kuchora picha iliundwa na Tom Brown, mhandisi kijana ambaye, kwa bahati mbaya, hutajwa kwa nadra. Kazi ya namna yake ndiyo sasa inayosomewa Chuo Kikuu cha Kenyatta kwa jina la uhandisi wa tiba.

Mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyotibika alipimwa, ukaonekana uvimbe wa maji, akapasuliwa, akapona. Habari hizo zilitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1958.

Donald alifariki Juni 1987. Mwaka huohuo, jarida lilo hilo lilichapisha utafiti wa Turkana: mashine ya kubebeka ilitambua hidatidi ya tumbo kuliko kipimo cha damu.