WILLIAM PENN: BABA ALINUNUA ARDHI, WANAWE WAKAINYAKUA

Somo: 1 Wafalme 21:1-16

Ukisoma somo la wiki hii utamkuta Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alilitaka, Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake, ndipo Yezebeli akaandika barua na kuzipiga muhuri wa mfalme. Muhuri ulikuwa wa kweli, wazee walikaa barazani, mashahidi wakaletwa. Kila kitu kilifuata utaratibu, na mtu asiye na hatia akapigwa mawe akafa. Sisi ambao tumeona kesi za mashamba zikigawanya ndugu wa tumbo moja, hadithi hii hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Leo tumtazame mtu mmoja aliyepewa nchi nzima na mfalme, akaogopa kuichukua hivi hivi. Na tuone kilichotokea alipokufa, nchi ile ikabaki mikononi mwa watoto wake.

William Penn alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1644. Baba yake alikuwa mkubwa wa jeshi la majini, mtu wa karibu na wafalme, mwenye mali na mashamba hata Ireland. Alitaka mwanawe awe mheshimiwa. Lakini kijana akiwa chuoni Oxford alikataa kufuata ibada iliyolazimishwa na serikali, akafukuzwa mwaka 1662. Mzee alikasirika vibaya. Alimchapa kijana, akamfukuza nyumbani, kisha akampeleka Ufaransa akidhani raha za huko zitamsahaulisha mambo ya dini.

Hazikumsahaulisha. Mwaka 1667, akiwa Ireland kusimamia mashamba ya baba yake, alimsikia mhubiri aitwaye Thomas Loe. Siku hiyo moyo wake ulikamatwa. Akajiunga na watu walioitwa Marafiki, ambao majirani waliwacheka na kuwaita Waquaker, yaani watu wa kutetemeka. Hawa walikaa kimya ibadani wakimngojea Roho, na yeyote aliyeguswa angesimama kunena, awe mwanamume au mwanamke. Hawakuapa kortini, hawakubeba silaha, wala hawakuvua kofia mbele ya wakubwa. Kwa hayo walijaza jela za Uingereza. Ndio hao hao ambao wamishonari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Penn naye alionja jela. Mwaka 1668 alifungwa katika Mnara wa London karibu miezi minane kwa sababu ya kitabu alichoandika. Mwaka 1670 askari walifunga jumba lao la ibada, naye akahubiri barabarani. Alishtakiwa. Raia 12 waliowekwa kuamua kesi hiyo walikataa kumtia hatiani, ingawa jaji aliwafungia bila chakula ili wabadilishe mawazo. Walipozidi kukataa, walitozwa faini wakapelekwa jela wao wenyewe. Baadaye mahakama ya juu iliamua kwamba raia wa namna hiyo hawawezi kuadhibiwa kwa uamuzi wao. Msingi huo unatumika hata leo Uingereza na Marekani.

Mwaka huo huo baba yake alikufa, wakiwa wamepatana. Akamwachia urithi wa ajabu: deni. Serikali ya mfalme ilikuwa na deni la pauni 16,000 kwa mzee Penn. Mfalme Charles wa Pili hakuwa na pesa, lakini alikuwa na ardhi ng'ambo ya bahari, au tuseme alijiona anayo. Tarehe 4 Machi 1681 alitia sahihi hati iliyompa William eneo kubwa huko Amerika, kubwa karibu kama Uingereza yenyewe. Likaitwa Pennsylvania, yaani misitu ya Penn, kwa heshima ya mzee marehemu.

Hapa ndipo mtu anapojulikana. Kwa sheria ya Wazungu wa siku zile, nchi ile sasa ilikuwa mali ya Penn. Angeweza kutuma bunduki na watu wa kupima mipaka. Lakini ndani yake walikaa Walenape, watu waliolima mahindi na kuvua samaki kando ya mto Delaware kwa vizazi vingi, na hakuna aliyewauliza. Penn alielewa kwamba mfalme amempa kitu ambacho kina wenyewe. Kabla ya kusafiri aliwaandikia barua, akakiri kwamba Wazungu waliotangulia walikuwa wamewatendea vibaya, akasema anataka kuishi huko kwa upendo na kwa ridhaa yao. Kisha akaagiza ardhi inunuliwe kwao kabla ya kugawiwa walowezi. Akaweka pia sharti kwamba ugomvi kati ya mlowezi na mwenyeji uamuliwe na watu 12, sita wa upande huu na sita wa upande ule.

Mwaka 1682 alipanda meli iitwayo Welcome pamoja na watu wapatao 100. Ndui iliingia melini, na karibu 30 wakafa njiani. Oktoba walitia nanga. Penn hakukaa mbali na wenyeji. Alijifunza lugha yao kiasi cha kuzungumza nao bila mkalimani, akaketi chini pamoja nao, akala chakula chao. Masimulizi ya pande zote mbili yanasema walifanya agano la amani chini ya mti mkubwa mahali paitwapo Shackamaxon. Na hati za mwaka 1683 zinaonyesha viongozi kama Tamanend wakipokea nguo, blanketi, sufuria, visu na bidhaa nyingine kama malipo ya ardhi.

Wakati huo huo mji wa Philadelphia ulichorwa, barabara zake zimenyooka, na jina lake maana yake ni upendo wa kindugu. Watu wa madhehebu yaliyoteswa Ulaya wakamiminika: Marafiki, Wamennonite, Wajerumani wa kila aina. Mwaka 1701 Penn aliwapa katiba iliyolinda uhuru wa kuabudu. Koloni hilo lilikaa karibu miaka 70 bila jeshi lake na bila vita na Walenape, wakati makoloni jirani yalikuwa yanamwaga damu. Na taifa la Marekani lilipozaliwa, lilizaliwa katika mji wake. Tangazo la uhuru la 1776 na katiba ya 1787 vyote viliandikwa Philadelphia.

Sasa mpendwa, tusimfanye malaika. Penn alikuwa na watumwa Waafrika katika shamba lake. Mwaka 1688 waumini wanne wa Germantown, karibu na Philadelphia, waliandika barua ya kupinga utumwa, ya kwanza ya aina hiyo katika makoloni ya Kiingereza. Wakubwa wa kanisa wakaiweka kando. Marafiki wa Philadelphia walichukua hadi mwaka 1776 kukataza waumini wao kumiliki watumwa. Mtu anaweza kuona haki ya jirani mmoja vizuri kabisa, na asione ya mwingine anayelala chini ya paa lake mwenyewe. Hilo ni onyo kwetu.

Tena alikuwa mzembe wa karatasi. Msimamizi wake wa mali, Philip Ford, alimletea hati nyingi za kutia sahihi, naye alizitia bila kuzisoma. Kumbe moja iliandika Pennsylvania yote kwa jina la Ford! Ford alipokufa, familia yake ilidai, na mwaka 1708 mzee Penn, mwenye nchi kubwa hivyo, aliingia jela ya wadeni. Marafiki zake walichanga kumtoa. Mwaka 1712 alipigwa na kiharusi. Mkewe Hannah ndiye aliyeendesha mambo ya koloni, na tarehe 30 Julai 1718 Penn akalala.

Nchi ikabaki kwa wanawe. Thomas Penn na ndugu zake walikuta madeni mengi ya baba. Thomas hakushika njia ya Marafiki kama mzee; baadaye alirudi Kanisa la Anglikana. Alihitaji kuuza ardhi ili kulipa madeni, na ardhi nzuri ilikuwa bado ya Walenape.

Ndipo ikatolewa karatasi ya zamani. Watu wa Thomas walidai ni makubaliano ya mwaka 1686, kwamba Walenape waliuza ardhi kufikia umbali ambao mtu angetembea kwa siku moja na nusu. Walenape walifikiri juu ya mwendo wa kawaida, mtu anatembea kando ya mto, anapumzika, anakula, anaendelea. Lakini upande wa Thomas ulikuwa umeshatuma watu kwa siri kukagua njia na kufyeka msitu. Wakaajiri vijana watatu wenye mbio kuliko wote, wakawaahidi fedha na ekari 500 za ardhi.

Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1737 wakaanza. Walenape waliofuatana nao walilalamika kwamba huku si kutembea, wakaachana nao kwa hasira. Wawili kati ya wale watatu walishindwa njiani. Mmoja, Edward Marshall, aliendelea hadi adhuhuri ya siku ya pili, akawa amekwenda maili zipatazo 65. Halafu wapimaji hawakuchora mstari kwenda mtoni kwa njia fupi. Waliupinda ili umeze ardhi zaidi. Jumla ikawa maili za mraba zipatazo 1,200.

Walenape walikataa kuhama. Mwaka 1742 serikali ya koloni iliwatumia Wairoquois, taifa lenye nguvu zaidi, kuwaamuru waondoke. Wakaondoka na uchungu wao. Mwaka 1755, vita kati ya Wafaransa na Waingereza vikiwa vimeshazuka, Walenape walirudi na moto. Mashamba ya walowezi yakachomwa, na katika vita hivyo mke wa Edward Marshall mwenyewe aliuawa. Amani ya miaka 70 iliishia hapo. Walenape nao wakasukumwa magharibi kizazi baada ya kizazi, na leo wengi wao wako Oklahoma na Kanada. Mwaka 2004 wajukuu zao walifungua kesi juu ya sehemu ya ardhi ile. Walishindwa kortini.

Mpendwa, baba na wana wote walikuwa na karatasi. Ya baba ilitoka kwa mfalme, na bado hakuona kwamba inatosha. Alienda kumtafuta mwenye shamba, akajifunza lugha yake, akalipa. Wana walikuwa na karatasi pia, wakaona inatosha, hata kama kila aliyesimama pale siku ile alijua ni hila. Penn aliwaachia watoto nchi, na aliwaachia madeni. Hofu ya Mungu iliyomfanya amtafute Mlenape kabla ya kugawa ardhi yake haikuvuka kwenda kwa Thomas.

Basi wiki hii jiulize mambo mawili. La kwanza: kuna shamba, ploti au mpaka ambao unaushikilia kwa sababu hati iko kwa jina lako, na ndani ya moyo wako unajua mjane fulani, ndugu fulani, jirani fulani analia? Usingoje korti. Nenda ukaketi naye. La pili: watoto wako wanajua hati ya shamba iko wapi, je, wanajua ulilipataje, na ulikataa nini ili ulipate kwa haki? Waketishe uwaambie, ungali hai.

Maombi: Bwana, utusamehe pale tulipotumia karatasi kumnyima jirani. Tupe ujasiri wa kurudisha. Na watoto wetu wasirithi mali yetu bila kukurithi Wewe. Katika jina la Yesu, Amina.