Mtungaji wa Minara Miwili

Tarehe 3 Januari mwaka wa 1892, katika mji wa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, alizaliwa mtoto wa Kiingereza, jina lake John Ronald Reuel Tolkien. Baba yake alikuwa msimamizi wa benki katika mji huo. Mtoto alipokuwa akienda tete aliumwa na buibui mkubwa bustanini, yaya wake akaifyonza sumu. Wasomaji wake hupenda kulitaja jambo hilo, kwa sababu katika hadithi zake mna buibui wa kutisha mno. Lakini yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima hakumkumbuka buibui yule.

Joto la nchi ile halikumfaa. Basi mwaka wa 1895 mama yake, Mabel, alimchukua yeye na mdogo wake Hilary, wakapanda meli kwenda Uingereza, na baba akabaki kazini kwa nia ya kuwafuata. Hakuwafuata. Mwezi wa Februari mwaka wa 1896 alifariki, akazikwa huko huko Bloemfontein, na mjane akaachwa na watoto wawili na fedha kidogo.

Wakapanga nyumba katika kijiji cha Sarehole, karibu na mji wa Birmingham. Palikuwa na kinu cha kusagia nafaka kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji, na mashamba, na miti mingi. Mama ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Aliwafundisha Kilatini, na kuchora, na majina ya mimea. Ronald akaipenda miti kama watu wapendavyo ndugu zao. Mti mmoja ulikuwa umeinamia bwawa la kinu, naye alizoea kuukwea. Siku moja watu wakaukata, wakauacha ulale pale pale chini, wala hawakuutumia kwa kazi yo yote. Jambo hilo hakulisahau hata uzeeni.

Mwaka wa 1900 Mabel aliingia katika Kanisa Katoliki. Baadhi ya jamaa zake walikasirika, wakamnyima msaada. Hata mwaka wa 1904 akafa kwa ugonjwa wa kisukari, maana dawa ya insulini ilikuwa haijavumbuliwa. Ronald alikuwa na umri wa miaka 12. Mama alikuwa amemchagua padre mmoja wa Birmingham, Francis Morgan, awe mlezi wa watoto wake, na padre yule aliwatunza kwa wema na kuwalipia karo.

Lakini alikuwa mkali pia. Ronald alipokuwa na miaka 16 alikutana na Edith Bratt, msichana yatima aliyemzidi miaka mitatu, wakapendana. Padre alipoona kwamba kijana anazembea katika masomo, alimkataza asionane naye wala asimwandikie mpaka atimize miaka 21. Wengine wangaliasi, yeye alitii karibu miaka mitatu. Usiku ule ule alipotimiza miaka 21 alikaa kitandani akamwandikia barua. Kumbe Edith alikuwa amekwisha kuchumbiwa na mtu mwingine! Akamrudishia yule mtu pete yake. Ronald na Edith wakaoana mwezi wa Machi mwaka wa 1916.

Siku za arusi zile zilikuwa siku za Vita Kuu. Hapo shuleni Birmingham Ronald alikuwa na marafiki watatu, Wiseman, Gilson na Smith, nao wanne waliungana kama ndugu. Walikuwa wakinywa chai kwa siri katika chumba cha vitabu, jambo lililokatazwa, wakisomeana mashairi na kuagana kwamba watafanya kazi ya maana duniani. Sasa wote walikuwa askari. Mwanzoni mwa mwaka ule Smith, alipokuwa karibu kutoka usiku kwenda mbele ya handaki, alimwandikia Tolkien barua, akimtaka aendelee kuyasema waliyokuwa wakiyawaza pamoja, ikiwa yeye atakufa.

Mwezi wa Juni Tolkien alivuka bahari kwenda Ufaransa. Tarehe 1 Julai yakaanza mapigano ya mto Somme, na siku ile moja walikufa askari wa Kiingereza zaidi ya 19,000. Gilson alikuwa mmoja wao. Kazi ya Tolkien ilikuwa kupeleka habari kwa simu, taa, bendera na njiwa. Nchi yote ilikuwa imepigwa mizinga hata haina mti uliosimama, na mashimo yalijaa maji ya mvua, na ndani yake mlikuwa na maiti. Mwishowe alipatwa na homa iletwayo na chawa, akarudishwa Uingereza mwezi wa Novemba. Mwezi wa Desemba akapata habari kwamba Smith naye amekufa kwa majeraha. Katika wale wanne wakasalia Wiseman na yeye.

Baada ya vita alifanya kazi katika kamusi kubwa ya Kiingereza, akawa mwalimu katika mji wa Leeds, na tangu mwaka wa 1925 alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alizijua lugha nyingi, tena alijitungia nyingine zake mwenyewe. Mwaka wa 1937 kikatoka kitabu chake The Hobbit, na watoto wakakipenda sana, hata mpiga chapa akamwomba alete kingine. Akaanza mwezi wa Desemba mwaka ule. Kazi aliyodhani ni ya muda mfupi ilimchukua miaka 12, maana alikuwa mtu wa kuandika, kufuta, na kuandika tena.

Katikati ya hadithi alikwama kabisa. Vita vya pili vilikuwa vikiendelea, na mwanawe Christopher alikuwa akifundishwa kuendesha ndege za vita huko Afrika ya Kusini, nchi ile ile alimozaliwa baba yake. Mwaka wa 1944 Tolkien alishika kalamu tena, na kila alipomaliza sura alimpelekea mwanawe kwa posta. Sura hizo zaeleza safari ya Frodo na Sam, watu wafupi wasio askari wala wakuu, wanaochukua pete mbaya kwenda kuitupa katika moto wa nchi ya Mordor. Kiongozi wao ni Gollum, kiumbe mnyonge aliyewahi kuwa na pete hiyo, naye bado anaitamani. Wanapita katika kinamasi kikubwa, na chini ya maji waona nyuso za watu waliokufa vitani zamani. Baadaye Tolkien alikiri kwamba kinamasi kile kilitokana kwa sehemu na Ufaransa ya kaskazini baada ya vita vya Somme.

Katika sehemu hiyo hiyo ya hadithi mna Waenti, miti itembeayo na kunena. Alipokuwa mwanafunzi alichukizwa na mchezo wa Macbeth wa Shakespeare, kwa kuwa msitu uliotazamiwa kuja vitani ulikuwa askari waliobeba matawi tu. Yeye alitaka miti yenyewe iende. Basi Waenti wake waenda kweli, wanazivunja kuta za Saruman, mchawi aliyewakata miti wenzao kuwa kuni za matanuri yake. Nadhani ule mti wa Sarehole ulilipiziwa kisasi hapo.

Kwa sababu karatasi ilikuwa ghali, kitabu kiligawanywa sehemu tatu, ingawa mwenyewe alikihesabu kuwa kimoja. Sehemu ya kati ilitoka Novemba mwaka wa 1954, ikaitwa The Two Towers, yaani Minara Miwili. Naye mwenyewe alisitasita katika kusema ni minara ipi. Mpiga chapa aliogopa hasara. Badala yake vikanunuliwa dunia nzima. Edith alifariki mwaka wa 1971, na Tolkien mwaka wa 1973, wakazikwa kaburi moja huko Oxford.

Sinema yake hakuiona. Peter Jackson wa New Zealand alizipiga picha zote tatu pamoja, kuanzia mwaka wa 1999, na ile ya kati ilionyeshwa mwezi wa Desemba mwaka wa 2002. Vita vya ngome ya Helm, ambavyo katika kitabu ni sura moja tu, vilichukua miezi ya kazi ya usiku; na sauti za jeshi la adui zilikuwa sauti za maelfu ya watu waliokuja kutazama mchezo wa kriketi mjini Wellington. Mambo mengine yaligeuzwa. Faramir, ambaye kitabuni anaikataa pete, katika sinema anamteka Frodo. Wapenzi wa kitabu walinung'unika, nao walikuwa na haki. Lakini kinamasi hakikuachwa. Frodo anatumbukia majini katikati ya wafu, na Gollum, yule mwenye kuitamani pete, ndiye anayemvuta nje. Tangu vita vya Somme ilikuwa imepita miaka 86.