Grace Hopper: mwalimu wa hesabu aliyetaka kompyuta ifuate maneno ya kazi

Tuanze na daftari la ushirika. Kila asubuhi karani anapima maziwa, anaandika jina la mkulima, kilo na tarehe. Mwisho wa mwezi anajumlisha, anakata mikopo ya chakula cha mifugo, kisha anaandaa malipo. Ukurasa ukichanika, au namba moja ikiandikwa vibaya, mkulima anapunjwa na ugomvi unaanza.

Siku hizi kazi hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye hifadhidata, yaani daftari linalotunzwa ndani ya kompyuta. Zaidi ya hapo, yapo majukwaa yanayomwezesha karani mwenyewe kuunda mfumo wake. Anachora jedwali, anaweka fomu ya kujaza kwenye simu, anachagua hesabu zinazotakiwa, na mfumo unafanya kazi. Hahitaji kuandika lugha ngumu ya kompyuta, au anaandika kidogo tu.

Wazo hilo halikuanza na simu zetu. Katika makala haya tunamwangalia mwanamke mmoja wa Marekani aliyelipigania miaka 70 iliyopita, wakati wakubwa wake wakimwambia kuwa haliwezekani.

Jina lake ni Grace Brewster Murray Hopper. Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika jiji la New York. Alipokuwa mtoto wa miaka saba alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuirudisha, alifungua nyingine, na nyingine tena, hadi mama yake akagundua kuwa saa saba za nyumba zimefunguliwa. Kuanzia hapo aliruhusiwa kuchezea saa moja tu.

Alisoma hesabu na fizikia katika chuo cha Vassar, akamaliza mwaka 1928. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, na ingawa waliachana mwaka 1945, jina hilo alibaki nalo. Mwaka 1934 alipata shahada ya udaktari wa hesabu katika chuo kikuu cha Yale. Wakati huo alikuwa tayari anafundisha Vassar.

Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani, Hopper aliomba kujiunga na jeshi la majini. Kwanza alikataliwa. Umri wake ulionekana mkubwa, na mwili wake mdogo, kwani alikuwa na kilo zipatazo 48 tu. Hakukata tamaa. Alipata ruhusa maalumu, akaingia mwaka 1943, na mwaka uliofuata akamaliza mafunzo akiwa wa kwanza darasani.

Jeshi lilimpeleka chuo kikuu cha Harvard, kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, na ilipokea maagizo kupitia utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kila hatua ya hesabu iliandikwa kwa namba. Hopper na wenzake walikuwa na madaftari ya vipande vya maagizo vilivyokwisha kujaribiwa. Kila kipande kilipohitajika tena, mtu alikinakili kwa mkono. Hapo Hopper aligundua jambo ambalo makarani wote wanalijua: binadamu akinakili, anakosea.

Mwaka 1949 alihamia kampuni moja ya Philadelphia iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Huko alijiuliza kwa nini mashine yenyewe isifanye kazi ya kunakili. Kufikia mwaka 1952 alikuwa na programu aliyoiita A-0. Vipande vilivyokwisha kujaribiwa vilihifadhiwa kwenye utepe, kila kimoja na namba yake. Mtu alitaja namba, na kompyuta ikavitafuta na kuviunganisha. Ni kama fundi anayejenga kwa matofali yaliyokwisha kuchomwa, badala ya kukanda udongo upya kwa kila nyumba.

Wengi hawakuamini. Kwao kompyuta ilikuwa mashine ya kujumlisha na kutoa, na kutunga programu ni kazi ya binadamu. Hata ilipokuwa inafanya kazi mbele yao, ilichukua muda kabla ya kuitumia.

Wakati huo wateja walikuwa wanabadilika. Kompyuta zilikuwa zinatoka kwa wanasayansi na kuingia kwenye biashara. Mwaka 1954 kampuni ya General Electric ilianza kutumia UNIVAC kuandaa mishahara ya wafanyakazi katika kiwanda chake cha Louisville. Hopper aliona kwamba watu wa biashara hawapendi alama za hesabu. Mhasibu anajua bei, akiba na mshahara. Kwa nini asiiagize mashine kwa maneno hayohayo?

Ili kuwashawishi wakubwa, aliandaa programu fupi na kuwaonyesha ikiwa na maagizo ya Kiingereza. Kisha akaonyesha ileile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakubwa walishtuka. Kompyuta iliyotengenezwa Philadelphia itajuaje Kijerumani? Ikambidi awaeleze kwamba kompyuta haijui lugha yoyote. Inalinganisha mpangilio wa herufi tu, na kila mpangilio umepewa kazi yake. Ndiyo maana leo mtu anayeunda hifadhidata anaweza kuandika juu ya safu zake Jina la Mkulima na Kilo za Maziwa, na mashine isilalamike.

Kazi hiyo ilizaa lugha ya FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya kawaida ya Kiingereza. Mwaka 1959 wataalamu wa kampuni na wa serikali walikutana chini ya Wizara ya Ulinzi, wakitafuta lugha moja ya biashara kwa kompyuta zote. Wazo la mkutano lilitoka kwa Mary Hawes. Jean Sammet, Betty Holberton na wengine walifanya kazi kubwa ya kuitunga, na Hopper alikuwa mshauri. Lugha hiyo ilikuja kuitwa COBOL, na ilichota mengi kutoka FLOW-MATIC. Hadi leo baadhi ya benki bado zinaendesha programu za COBOL.

Jiwe jingine la msingi liliwekwa mwaka 1970 na Mwingereza Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi IBM. Alipendekeza kumbukumbu zipangwe kwenye majedwali yanayoweza kuunganishwa, kwa mfano la wakulima na la mapokezi ya maziwa. Majukwaa mengi ya leo yanasimama juu ya mambo haya: majedwali, vipande vilivyo tayari, na maneno ya mtumiaji mwenyewe.

Hopper alistaafu jeshini mwaka 1966, lakini mwaka uliofuata aliitwa tena kwa sababu kazi haikuenda bila yeye. Aliondoka kabisa mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali. Alifariki tarehe 1 Januari 1992. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku nishani ya juu ya raia wa Marekani.

Maisha yake yana onyo pia. Maneno rahisi hayaondoi kazi ya kufikiri. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi. Mwaka 2000 ulipokaribia, dunia ilitumia fedha nyingi kuzirekebisha, kwa sababu mashine isingejua kama 00 ni 1900 au 2000. Lugha haikuwa na kosa. Watu ndio walioamua hivyo.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuhama kutoka daftarini kwenda kwenye simu kinaweza kuanza na kalamu na karatasi. Andikeni kwa maneno yenu mnachotaka kukumbuka: nani ameleta, kiasi gani, siku gani, na nani amepima. Kubalianeni nani anaruhusiwa kurekebisha namba iliyokosewa, na mkulima ataonaje kumbukumbu zake. Wekeni nakala mahali pengine, maana simu huibiwa na huharibika. Na kwa miezi ya mwanzo, daftari la zamani liendelee pembeni, mlinganishe hesabu za pande zote mbili kabla ya kulipana.