Muyaka wa Mombasa: Alitunga sokoni, karatasi zikaishia London

KWA mfanyabiashara anayesubiri mzigo wake utoke bandarini, Mombasa ni foleni, stakabadhi na ushuru wa forodha. Miaka 200 iliyopita mji huo ulikuwa wa majahazi, na aliyeyaweka mambo yake katika mashairi kuliko mtu mwingine yeyote ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy.

Muyaka alizaliwa Mombasa karibu mwaka 1776. Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman uliokataa kuwatii watawala wapya wa Oman, Wabusaidi. Aliyeishika Mombasa ndiye aliyeshika ushuru wa bandari yake, kwa hiyo ugomvi huo haukuwa wa heshima tu. Muyaka alisimama upande wa Wamazrui na kuwatetea kwa mashairi.

Kabla yake, ushairi mwingi ulioandikwa katika pwani hii ulikuwa tenzi ndefu za dini. Muyaka aliushusha sokoni na barazani. Kwa Kimvita cha kila siku, katika beti za mistari minne, alitunga juu ya njaa na neema, mapenzi na wivu, ukata, na kupanda na kushuka kwa mwanadamu.

Karibu mwaka 1812, Mombasa na Pate ziliungana kuishambulia Lamu, zikashindwa vibaya katika ufuo wa Shela. Washairi nao walikuwa vitani. Muyaka alirushiana maneno na wenzake wa Lamu, akiwemo Bwana Zahidi Mngumi. Mashairi yao yalikuwa kama barua: yalivuka bahari, yakasomwa mbele ya watu, na majibu yakarudi.

Baada ya vita, Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa Mombasa, na utawala wa Wamazrui ukaisha. Muyaka aliishi kuliona anguko la marafiki zake. Alifariki mwaka 1840.

Hakuacha kitabu. Kazi yake ilibaki zaidi vichwani mwa watu wa Mombasa, na kila mzee aliyekufa aliondoka na sehemu yake.

Ilipita miaka 40 na zaidi kabla ya mmisionari Mwingereza, William Taylor, kuanza kuikusanya. Asingefika mbali bila Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa aliyeyajua mashairi hayo pamoja na visa vilivyoyazaa. Sikujua aliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Taylor aliyanakili kwa herufi za Kirumi, akaongeza maelezo: nani alikuwa akijibiwa, ugomvi ulikuwa juu ya nini, neno hili la zamani lina maana gani.

Sikujua alifariki mwaka 1890. Kama kazi hiyo ingecheleweshwa miaka michache tu, mengi ya mashairi hayo yangezikwa naye.

Taylor alifariki mwaka 1927. Karatasi zake ziliingia katika hifadhi ya chuo cha SOAS, Chuo Kikuu cha London, na zipo huko hadi leo. Kutokana na karatasi hizo, William Hichens alitayarisha Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1940. Mwaka 1979, Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa kitabu kingine juu ya mshairi huyo, safari hii kikachapishwa Nairobi. Wakati huo ilikuwa imepita karibu miaka 140 tangu kifo cha Muyaka.

Maneno yamerudi, lakini karatasi zenyewe hazijarudi. Msomi wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam anayetaka kuziona zenyewe kwa macho yake hana budi kwenda London. Huko zimehifadhiwa kwa jina la Taylor, aliyezikusanya. Diwani nayo hutajwa kwa jina la Hichens, aliyeihariri. Sikujua, aliyeyabeba mashairi kichwani hadi yakapata karatasi, hutajwa zaidi katika maelezo ya pembeni.