Abebe Bikila

Abebe Bikila (Jato, 7 Agosti 1932 - Addis Ababa, 25 Oktoba 1973) alikuwa mwanariadha wa mbio za masafa marefu kutoka Ethiopia. Ndiye mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, na Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya wachungaji mkoani Shewa. Alipokuwa mtoto mdogo Waitalia waliivamia nchi yake. Ujanani alijiunga na kikosi cha walinzi wa Kaisari Haile Selassie, na huko akafundishwa na kocha Onni Niskanen kutoka Uswidi.

Roma 1960

Viatu alivyopewa Roma havikumkaa vizuri, basi akaamua kukimbia pekupeku, kama alivyozoea mazoezini. Mbio zilifanyika jioni ya tarehe 10 Septemba. Aliambiwa amchunge Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, ambaye angevaa namba 26, lakini Rhadi alivaa namba nyingine. Kwa muda mrefu Abebe alimtafuta mpinzani ambaye tayari alikuwa ubavuni mwake.

Karibu na mwisho njia ilipita mbele ya mnara wa Axum, uliochukuliwa Ethiopia na majeshi ya Mussolini. Hapo ndipo alipoongeza mwendo. Alimaliza penye Tao la Konstantino kwa saa 2:15:16, rekodi mpya ya dunia, sekunde 25 mbele ya Rhadi.

Tokyo 1964

Miguu mitupu ya Roma ndiyo inayokumbukwa zaidi, ingawa ushindi wa Tokyo ulikuwa mkubwa kuliko ule. Wiki tano hivi kabla ya mbio alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na wengi hawakutarajia hata aanze. Safari hii alivaa viatu. Alishinda kwa saa 2:12:11, rekodi ya dunia tena, akimwacha Basil Heatley wa Uingereza kwa dakika nne. Watazamaji walishangaa kumwona akifanya mazoezi ya viungo kwenye nyasi huku wengine bado wako barabarani. Bendi haikuwa na wimbo wa taifa wa Ethiopia, ikapiga wa Japani.

Huko Mexico mwaka 1968 aliumwa mguu akajitoa baada ya kilomita 17 hivi. Mwenzake Mamo Wolde akashinda, na dhahabu ya marathoni ikaenda Ethiopia kwa mara ya tatu mfululizo.

Ajali na miaka ya mwisho

Usiku mmoja wa Machi 1969 gari lake lilipinduka. Alipooza miguu, akapelekwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, lakini hakutembea tena. Hata hivyo hakuacha mashindano. Mwaka 1970 alishiriki kulenga shabaha kwa upinde katika michezo ya watumiaji wa viti vya magurudumu huko Stoke Mandeville. Mwaka uliofuata, nchini Norwei, alialikwa kama mgeni tu, akaingia mashindanoni na kushinda mbio za sleji zinazovutwa na mbwa juu ya theluji. Olimpiki ya Munich ya 1972 aliihudhuria akiwa mgeni wa heshima.

Alifariki kwa kuvuja damu ubongoni akiwa na umri wa miaka 41, akaacha mke na watoto wanne. Kaisari alihudhuria mazishi yake. Mnara wa Axum ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005.